Mlio Ambao Mtoto Peke Yake Aliukimbia

Shangazi yangu hununua kahawa kwa sikio. Anachota konzi moja kwenye gunia, anaifumba kwa mikono miwili, anaitikisa karibu na shavu, na macho yake yanaenda mbali kidogo, kama mtu aliyesikia akitajwa nyumba ya pili. Kahawa iliyokauka vizuri inalia kavu, kama kokoto ndogo ndani ya kopo. Yenye maji bado inanong'ona tu. Wakulima wa Karambi walikuwa wakimtania kwamba mizani yake ameificha ndani ya sikio, naye anawajibu kwamba ndiyo, na haihitaji mawe. Mimi niliyelelewa naye Bwera nilijua kwamba hakuna kitu kinachoweza kulia ndani ya nyumba yetu bila yeye kukisikia. Niliamini hivyo mpaka tulipoweka mtandao.

Ilikuwa miaka ile mtandao ulipoanza kushuka kutoka maofisini na kuingia majumbani. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne na nilikuwa na ndoto moja kubwa: chumba kidogo karibu na barabara ya mpakani, chenye viti viwili na pazia, ambamo mtu yeyote angeingia, akakaa, akauona uso wa mtu wake aliye mbali. Nilimwimbia Shangazi habari hiyo asubuhi na jioni. Hakunicheka hata mara moja. Siku moja alirudi kutoka Kasese mjini, akaweka kikapu chini, akasema, "Wale watu wa mtandao wanakuja kesho. Chumba bado, lakini anzia hapa sebuleni."

Basi wakaja, wakafunga sahani yao juu ya bati, wakashusha waya mpaka ndani, wakatuwekea kisanduku cheusi chenye taa za kijani. Walipoondoka tu, Shangazi akachukua uzi na sindano yake ya kufuma. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, mgongo wa kila kiti una chake. Kisanduku kilipata kitambaa cheupe chenye maua ya njano pembeni, na taa zikawa zinachungulia kwenye matundu ya maua. Niliona ni kitu kizuri kuliko vyote Bwera.

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kilikuwa na mpangaji, mama mmoja wa Kikongomani kutoka upande wa Butembo, muuza vitenge sokoni. Alivuka mpaka na mtoto mgongoni, binti asiye na jino hata moja bado. Sasa yule binti alikuwa anakimbia na ameanza kuunganisha maneno, lakini njia ya kurudi kwao haikuwa ya kuaminika, na mama mzazi wa mpangaji wetu alibaki kule. Huyo bibi sisi wote tulimwita koko, kama wanavyowaita bibi zao upande ule. Koko alimbeba mjukuu mara ya mwisho akiwa kitu cha kufungwa kwenye kitenge. Kila Jumapili baada ya misa wajukuu wengine walimketisha mbele ya simu yao kule Butembo, na huku mama yule akaketi kwenye kochi letu na simu yake, wakaonana.

Mwanzoni ilikuwa sherehe. Mtoto alikuwa anabusu kioo cha simu mpaka kinalowa. Koko anapiga makofi, mama anapangusa, Shangazi analeta chai, na mimi nimesimama karibu na kisanduku nikijiona kama mwenye kituo cha redio.

Halafu mtoto akabadilika. Jumapili moja, simu ilipoanza kuita tu, alijiziba masikio, akaanza kulia, akakimbilia jikoni. Jumapili iliyofuata vilevile. Tukamfuata na ndizi, tukamfuata na kipande cha sukari, wapi! Ukimleta sebuleni anajipinda kama samaki.

Koko aliona yote hayo kwenye simu. Alikuwa amepoteza meno ya mbele karibuni, akafikiri ni sura yake. Jumapili moja alikuja amejifunga kilemba kikubwa cha kanisani na ameketi mbali na kamera, mdomo ameufunika kwa kiganja. Mtoto akakimbia. Jumapili nyingine hakuonyesha uso kabisa. Alituonyesha mikono yake tu, akiichezesha vidole kama kuku wanaodonoa, ili mtoto azoee kidogo kidogo. Mtoto akakimbia.

"Musimulazimishe," koko alisema, na ile mikono ikatulia. "Mutoto ananikataa. Si kosa yake. Akiwa mukubwa mutamuonyesha foto yangu. Siku ya Mungu ingine sitakuja."

Binti yake akamwambia, "Mama, usiseme hivi," lakini kule simu ilikuwa imeshazimwa.

Siku ile nilimkuta mama yule jikoni anamenya muhogo, machozi yanadondoka juu ya maganda, wala hayapangusi.

"Mudogo wangu," aliniambia, "mama yangu alizaa batoto tisa, alilea bote, na bale ba majirani. Hakuna mutoto alimukimbia. Sasa huyu mumoja tu, wa kwangu, ndiye anamukimbia. Nitamuambia nini?"

Mimi nikiona mtu analia huwa nalia naye, ndiyo msaada wangu. Tukawa wawili juu ya muhogo. Shangazi akaingia kutafuta chumvi, akatuangalia.

"Nani amekufa?"

Tukamweleza. Alisimama na chumvi mkononi, macho yakaenda mbali, kama anatikisa kahawa. Kisha akauliza swali ambalo nalipenda mpaka leo.

"Anakimbia akiona uso, ama anakimbia kabla ya kuona uso?"

Mama mtoto akafikiri. "Sijue, Mama. Anakimbia tu."

"Sijue hapana. Kumbuka. Alikimbia simu ikifanya nini?"

"Ilikuwa... ilikuwa inazunguka. Ile duara. Mama alikuwa hajatokea bado."

"Basi hakimbii mama yako," alisema Shangazi. "Mtu hawezi kukimbia sura hajaiona. Iko kitu ingine."

Hapo nikasema, bila kufikiri sana, "Labda ni ile sauti."

"Sauti gani?"

"Ile ya mtandao. Ile nyembamba, tiiii, ambayo inapanda mtu akipiga simu ya picha."

Wote wawili wakanigeukia. Sasa, niseme kweli, mlio ule nilikuwa nausikia kila siku na nilikuwa naufurahia. Nilidhani ndivyo mtandao unavyolia ukipita, kama maji yanavyolia kwenye bomba. Nilikuwa nalala mchana kwenye kochi nikiusikiliza, nikisema moyoni, hayo ni maneno ya watu yanasafiri.

Mama mtoto alisema hasikii chochote, kelele za soko zimemharibia masikio. Shangazi akaenda mbele ya kisanduku, akainama, akaelekeza sikio lake maarufu. Akageuza la pili. Akashika pumzi.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

"Shangazi, inalia hata sasa. Kidogo, lakini inalia."

"Kahawa naisikia. Panya kwenye gunia namsikia. Hii mnasikia watoto peke yenu?" Akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Nilifikiri ataumia moyoni. Yeye akaanza kutabasamu. "Basi leo nyinyi ndio masikio. Mimi nitakuwa kichwa."

Nikampigia fundi wa Kasese aliyetufungia ule mtandao. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu kama ng'ombe.

"Dada, sema mbio, niko juu ya nguzo huku Mahango!"

"Kisanduku kinalia!"

"Kinalia aje? Tik-tik, ama wiii?"

"Wiii, nyembamba sana. Inapanda tukipiga simu ya picha."

"Ilianza lini?"

Nikamwuliza Shangazi. "Ilianza lini?"

"Nijue aje mwanzo wa kitu sikisikii?" alisema, na fundi kule juu ya nguzo akamsikia, akacheka mpaka nikaogopa ataanguka.

"Mwambie mama asiogope! Zima kila kitu ndani ya nyumba, halafu washa moja moja. Kwa mlio mwembamba, kunja karatasi kama bomba, iweke sikioni, itakuonyesha njia. Musifungue kitu na bisibisi! Nikishuka..." Upepo ukammeza.

Shangazi alikuwa ameshaelewa. "Ni kama mzigo wa kahawa," alisema. "Ukijua gari iko na gunia moja ya maji, hautikisi gari. Unashusha gunia moja moja."

Lakini kulikuwa na tatizo. Mlio ulipanda simu ya picha ikipigwa, kwa hiyo ilibidi simu ipigwe, na wa kupigiwa ni koko, ambaye alikuwa amesusa. Mama mtoto akapiga kwanza simu ya kawaida.

"Mama, tuko na kazi, tunakuhitaji."

"Kazi gani? Mimi ni muzee."

"Kazi ya kuongea tu. Usinyamaze mpaka tukuambie."

Koko akajibu: "Hiyo kazi nilishazoea."

Siku iliyofuata, mchana, umeme ulikuwa umetulia. Tulizima redio, televisheni, taa, hata lile friji la Shangazi ambalo hukoroma. Nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia kuku wakitembea uani. Shangazi alimchukua mtoto, akasimama naye kwenye mlango wa jikoni, si kumshika kwa nguvu, amembeba tu begani akimchezea sikio. Aliniambia nisikiangalie kisanduku, nimwangalie mtoto. "Huyu ndiye mizani," alisema. "Sisi wengine tunabeba magunia."

Mama mtoto akabonyeza. Simu ikaanza kuzunguka. Na mimi nikasikia ule mlio ukipanda, mwembamba, kama mtu anachora kioo kwa msumari, na mara hiyohiyo mikono miwili midogo ikaenda kwenye masikio.

"Bado hajamuona!" Shangazi alipiga kelele. "Mmeona? Uso haujatokea bado!"

Uso ukatokea. "Niongee?" aliuliza koko.

"Ongea, Mama, ongea!"

Koko akaanza kueleza habari za jirani yake aliyenunua mbuzi anayekula sabuni. Sisi tukaanza kushusha magunia. Shangazi aliniambia niondoe kitambaa cha kufuma, labda kisanduku kinakosa pumzi. Nikakiondoa. Mtoto bado amejiziba. Nikakitoa kisanduku kwenye meza ya mbao, nikakishika mkononi. Bado. Nikachukua kalenda ya parokia ukutani, nikaikunja kama bomba, nikaiweka sikioni kama fundi alivyosema. Nikaelekeza kwenye taa za kijani: kimya! Kisanduku changu kipenzi kilikuwa hakilii hata kidogo. Nikafuata waya wake, nikapiga magoti, nikaingia nyuma ya kochi, bomba la kalenda likitangulia, na nilipofika kwenye chaja iliyochomekwa ukutani nikaruka. Ilikuwa inalia kama sindano.

"Ni chaja!" nilisema kutoka huko chini. "Kisanduku hakina kosa!"

"Hakikisha," alisema Shangazi. Ndivyo alivyo. Akisikia gunia la maji halikatai papo hapo, anachota tena upande wa pili. Akatuma ekstensheni iletwe. Tukaitoa chaja kwenye ukuta, tukapitisha ekstensheni dirishani, chaja tukailaza nje barazani, na kisanduku kikabaki kwenye kizingiti cha dirisha kwa upande wa ndani. Gunia tupu tukalisindilia kwenye upenyo. Bila shaka, tulipochomoa, simu ilikatika, na koko akapiga simu ya kawaida amekasirika.

"Munanikata katikati ya mbuzi!"

"Tusamehe, Mama, tunapiga tena."

Tukapiga tena. Duara likazunguka. Sebuleni kulikuwa kimya, kimya kile ambacho nilikuwa nimekisahau, na nikagundua kwamba nyumba yetu bila mtandao kulia ni nzuri zaidi. Mtoto alikuwa begani kwa Shangazi, mikono yake imelegea. Uso wa koko ukatokea bila kilemba, bila kiganja, kwa sababu alikuwa amejisahau kwa hasira za mbuzi. Mtoto akageuza kichwa. Akamtazama. Akanyoosha kidole kuelekea simu.

Na umeme ukakatika.

Kisanduku kikazimika, na uso wa koko ukapotea kwenye kioo cha simu. Simu ya kawaida ikalia.

"Ameniangalia," koko alisema. Alisema polepole, kama anatuuliza. "Mumeona? Ameniangalia."

"Tumeona, Mama," alijibu binti yake, na safari hii nililia mimi kwanza.

Shangazi yeye alishatoka barazani. Aliokota ile chaja, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza. Tukasikia kicheko. Tulipotoka tulimkuta ameketi kwenye ngazi ameshika tumbo.

"Huyu ni wangu," alisema. "Jamani, huyu ni mtoto wangu mimi mwenyewe!"

Ndipo nikakumbuka. Muda mfupi kabla mtoto hajaanza kukimbia, kulikuwa na mvua kubwa ya radi, na umeme uliporudi ulirudi na nguvu zote, ukaunguza chaja iliyokuja na kisanduku. Nilikuwa tayari kuomboleza. Shangazi alileta lile kopo la maziwa ya unga ambalo kila nyumba ya kwetu inalo, kopo la chaja za zamani, za simu zilizokufa, za redio, za taa, za vitu ambavyo hakuna anayekumbuka. Hakuna anayesoma maandishi yake. Mtu anajaribu mdomo mmoja mmoja. Ukiingia, ndiyo yenyewe. Mdomo wa chaja ya taa yake ya zamani uliingia, kijani kikawaka, na sisi sote tukamsifu. Kumbe mlio ulianza siku hiyo.

"Fundi aliuliza ilianza lini," alisema Shangazi akipangusa macho. "Sasa ninajua. Ilianza siku mliniambia niko na akili."

Fundi alikuja Jumamosi kwa pikipiki, vumbi la Kasese limempaka mpaka kope, chaja mpya ndani ya koti. Alishika ile ya zamani, akasoma maandishi yake madogo, akatuelezea vizuri, kwa uvumilivu, kama mtu anayependa kazi yake. Kisanduku kinataka volti kumi na mbili, hii ya taa inatoa tisa, tena kwa shida. Kikiwa kimepumzika, inajikongoja. Kikianza kubeba picha za watu, kinavuta nguvu ambayo haipo, na vitu vya ndani ya chaja vinatetemeka haraka sana, ndiyo ule mlio. Ingeendelea, ingeungua, labda na pazia.

"Na wewe unaisikia?" Shangazi alimwuliza.

"Mama, nikikudanganya Mungu ananiona. Sisikii kitu. Nimekaa juu ya nguzo na upepo miaka mingi." Akachomeka ile mpya, akafungua picha ya mpira kwenye simu yake ili kisanduku kifanye kazi, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto aliyekuwa amevaa kofia yake ya pikipiki mpaka mabegani. "Bosi, unasemaje? Nimalize?"

Kofia ikatikisika. Bosi alikuwa anacheka. Fundi akafunga mfuko wake.

Jumapili Shangazi hakuleta chai. Alisema watu wapewe nafasi, lakini nilimwona amesimama nyuma ya pazia la mlango. Mama mtoto aliketi kwenye kochi, akamweka mtoto mapajani, akabonyeza. Niliangalia ile mikono midogo. Ilikuwa na kipande cha muhogo, na kazi yake ilikuwa muhogo tu.

Koko akatokea. Alikuwa mbali na kamera tena, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Nafikiri aliogopa kwamba sauti yake ingeharibu.

"Koko," mama mtoto alimwambia binti yake. "Ni koko."

Mtoto akatazama. Akatafuna. Kisha akanyoosha ule muhogo, uliokwisha nusu na wenye mate, akaugandisha kwenye kioo pale mdomo wa koko ulipokuwa.

"Ah! Leta," koko alisema, na uso ukaja karibu mpaka ukajaa simu nzima, mapengo na yote. "Leta nile. Muhogo laini ndiyo naweza."

Walikula hivyo muda mrefu, mmoja huku, mmoja kule. Mtoto akamwonyesha kiatu. Akamwonyesha kuku aliyepita mlangoni. Koko alijua jina la kila kitu na alisifu kila kitu. Mama mtoto alikaa amenyamaza katikati yao kama kiti, na sikuwahi kuona mtu mwenye furaha ya namna ile ya kutohitajika. Mwishowe akaiegemeza simu kwenye mto, akainuka taratibu.

"Mama, nina vyombo. Unibakishie mutoto kidogo."

"Enda," koko alisema bila hata kumtazama. "Enda, enda, tuko sawa."

Nami nikatoka, Shangazi akanivuta kwa mkono. Tulikuwa uani, sote watatu, mama yule anasugua sufuria, wakati tuliposikia sauti ya koko kutoka sebuleni, kali, ya mwanamke aliyelea watoto tisa na wa majirani:

"Wee! Toka kwa waya ya umeme! Toka! Wapi wakubwa wa hii nyumba? Mutoto anakamata kamba!"

Tulikimbia wote, Shangazi mbele.